Mwanafunzi asiyeona hakwamishwi na kompyuta, anakwamishwa na faili tunalomtumia

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, mhadhiri mmoja alituma kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu faili la PDF lenye kurasa 84, akaandika chini yake kwamba maswali ya jaribio la wiki inayofuata yatatoka humo. Mimi sioni, nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa na umri wa miaka sita. Usiku huohuo nililifungua faili lile kwenye kompyuta mpakato yangu, nikaiamuru programu inayonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ianze kusoma, nayo ikatamka neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya "tupu". Nikaenda ukurasa wa pili, tupu. Ukurasa wa arobaini, tupu. Nilidhani faili limeharibika wakati wa kupakuliwa, nikalipakua upya na kumaliza bando langu, na jibu likawa lilelile. Mwenzangu wa chumbani alipochungulia skrini ndipo akaniambia kwamba kurasa zote zimejaa maandishi, isipokuwa ni picha za kitabu zilizopigwa kwa simu, nyingine zimelala ubavu, nyingine zina kivuli cha mkono wa mpigaji. Alinisomea kurasa 19, usingizi ukamzidi, na mimi sikuwa na haki ya kumwamsha, kwa sababu naye alikuwa na jaribio hilohilo.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu kila linapozuka suala la teknolojia saidizi kwa wanafunzi wenye ulemavu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye vitu vya kununua: mashine fulani, tableti kadhaa, maabara ya kompyuta itakayozinduliwa kwa kukata utepe. Vitu hivyo vinahitajika na siwezi kuvibeza. Hata hivyo, kwa mwanafunzi asiyeona ambaye amekwisha kufika sekondari ya juu au chuo, chombo cha kumsomea kipo tayari na hakiuzwi. Kinachomfungia mlango ni namna sisi wengine tunavyotengeneza na kusambaza maandishi, na kasoro hiyo inaweza kurekebishwa wiki hii bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote.

Programu ninayoitumia inaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, kijana asiyeona, akaungana na James Teh, ambaye naye haoni, kwa kuwa programu za aina hiyo zilizokuwepo ziliuzwa kwa bei inayomshinda mtu wa kawaida. Wao wakaitoa bure, na mpaka leo ni bure. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, au ukaibeba kwenye flashi na kuiendesha kwenye kompyuta ya maktaba bila kubadilisha chochote cha mwenye kompyuta. Ipo pia JAWS, ambayo ni kongwe zaidi na ina uwezo mkubwa, lakini ni ya kulipia, na leseni yake ni ghali. Kwenye simu nyingi za Android imo TalkBack, na kwenye iPhone imo VoiceOver tangu mwaka 2009. Wengi wenu mnaosoma uzi huu mna programu ya kusoma skrini mfukoni na hamjawahi kuiwasha.

Ni muhimu kufahamu jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Programu ya kusoma skrini haitazami skrini kama jicho linavyotazama. Inauliza mfumo wa kompyuta: mahali hapa pana herufi gani, hiki ni kichwa cha habari au ni kitufe, jedwali hili lina safu ngapi? Ikipewa jibu, inalitamka. Picha ya ukurasa haina herufi hata moja ndani yake, ina madoa meusi na meupe tu, kwa hiyo programu haidanganyi inaposema "tupu". Zipo njia za kutambua maandishi yaliyomo kwenye picha, na NVDA yenyewe inayo amri ya kufanya hivyo kwa kutumia uwezo uliomo kwenye Windows, lakini ukurasa ukiwa umepinda au una kivuli, matokeo yake ni ya kuokoteza. Nimewahi kusomewa "elirnu" mahali palipoandikwa "elimu", kwa sababu herufi m ilionekana kama r na n zilizokaribiana. Neno moja la namna hiyo unalibashiri. Ukurasa mzima wa tarehe na takwimu huwezi kuubashiri.

Kipimo changu ni rahisi, nami nawaomba walimu, wahadhiri na ma-CR (wawakilishi wa madarasa) wote wakijaribu kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Fungua faili lako, kisha jaribu kuchagua neno moja peke yake kana kwamba unataka kulinakili. Neno likichaguika, yaelekea maandishi yapo na mwanafunzi asiyeona atasomewa. Ikiwa ukurasa mzima unachaguika kama kipande kimoja, au hakuna kinachochaguika, basi umetuma picha. Tafuta faili la Word ambalo PDF ile ilitokana nalo, ulitume hilo.

Hatua ya pili ni vichwa vya habari. Watu wengi huandika kichwa kwa kukoleza wino na kukuza herufi, jambo linalomtosha anayeona. Kwangu, kichwa kilichokolezwa tu ni sentensi kama sentensi nyingine. Ukitumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, mimi nabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama wewe unavyopekua kurasa ukitafuta sura ya tano. Bila mitindo hiyo nalazimika kusikiliza kila kitu kuanzia mwanzo, na makabrasha ya kurasa 60 yanakuwa safari ya saa kadhaa kila ninapotaka kurejea jambo moja.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likijadiliwa sana, nalo ni lugha ya sauti. Kompyuta nyingi hapa kwetu huja na sauti ya Kiingereza, na mwanafunzi anayeanza huachiwa sauti hiyo imsomee Kiswahili. Chukueni sentensi kama "Mama aliwakuta watoto wake pale sokoni." Sauti ya Kiingereza inalichukua neno "wake" na kulitamka "weiki", kisha "pale" inakuwa "peil", kwa sababu maneno hayo yapo katika lugha yake yakiwa na maana nyingine kabisa. Mtoto wa kidato cha kwanza anayesomewa riwaya ya Kiswahili kwa namna hiyo anachoka kabla ya ukurasa wa tatu, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hapendi kusoma. Dawa yake ipo: eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, inacho Kiswahili. Ni kikavu, kinasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa, lakini kila silabi kinaitamka inavyostahili, na baada ya wiki mbili sikio linazoea. Mimi leo naisikiliza kwa kasi ambayo mwenzangu wa chumbani aliwahi kuidhani ni redio iliyokosa masafa.

Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa walimu na wazazi.

MCHANGIAJI (mwalimu wa sekondari)

Ahsante sana kwa uzi huu, ndugu yangu. Nafundisha Historia na Kiswahili katika shule yenye wanafunzi wachache wasioona na wengine wenye uono hafifu, wakiwemo wenye ualbino. Nina mambo mawili. Kwanza, sheria ya shule yetu hairuhusu mwanafunzi kuwa na simu. Muhula uliopita mwanafunzi asiyeona alikutwa bwenini akisikiliza muhtasari wa somo kwa simu, ikachukuliwa, na mzazi akaitwa. Mimi niliona si sawa lakini sikuwa na hoja ya kuweka mezani. Pili, nikimtafutia mwanafunzi nakala laini ya kitabu cha mchapishaji, je, sitakuwa naiba kazi ya watu?

MWANZISHA UZI

Mwalimu, nashukuru kwa maswali yako, na nimefarijika kwamba uliona kwamba si sawa.

Kuhusu simu, naelewa kwa nini katazo lipo na sitaki liondolewe kwa wote. Nadhani hoja ya kuweka mezani ni hii: shule haimnyang'anyi mwanafunzi miwani yake, wala shime sikio (kifaa cha kumsaidia kusikia), wala fimbo nyeupe, hata kama wenzake hawana vitu hivyo. Kifaa cha kusomea cha asiyeona kiingie kwenye kundi hilo. Shule ninayoifahamu ilifanya utaratibu wa daftari: kifaa kinasajiliwa kwa jina la mwanafunzi, hakina laini ya simu, kinahifadhiwa na mwalimu wa malezi, na mwanafunzi anakichukua saa za kujisomea akasaini, kisha anakirudisha. Hakuna aliyelalamika kwamba anapendelewa, kwa sababu wanafunzi wenzake ndio waliokuwa wakimsomea kwa zamu kabla ya hapo, nao walipumzika. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, na iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 24 cha mkataba huo, kinachohusu elimu, kinataka mwanafunzi apewe marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji yake. Daftari la kusaini ni rekebisho dogo mno mbele ya wajibu wa ukubwa huo.

Kuhusu nakala laini, uko Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2020. Unazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao nafasi ya kutengeneza nakala inayosomeka na wasioona, wenye uono hafifu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kwanza kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na unaruhusu nakala hizo zivuke mipaka kupitia taasisi zinazotambuliwa. Kwa hiyo, kitabu kilichokwisha kuandaliwa Nairobi hakina sababu ya kuchapwa upya kuanzia herufi ya kwanza Dodoma. Nafasi hiyo ni ya mwanafunzi anayeihitaji, si ya kusambaza kitabu kwenye grupu la darasa zima, na hapo ndipo mstari ulipo. Kwa vitabu vya kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, na pia huandaa vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa kidole, na vya maandishi yaliyokuzwa, anzia huko.

Kwa wanafunzi wenye uono hafifu, mwalimu, mara nyingi hawahitaji sauti. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha, skrini itakuzwa. Wakae mbele, dirisha likiwa nyuma yao, kwa kuwa mwanga unaopiga machoni humsumbua sana mwenye ualbino.

MCHANGIAJI (mzazi)

Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la nne asiyeona, yuko shule ya bweni. Kila likizo anarudi na karatasi ngumu za nukta nundu ambazo sijui kuzisoma, na mashine ya kuandikia iliyopo shuleni wanaitumia kwa kupokezana. Ndugu yangu mmoja aliye ughaibuni amenishauri nimnunulie mtoto tableti ya kumsomea kwa sauti aachane na nukta nundu, ambazo anasema zimepitwa na wakati. Je, nifuate ushauri huo?

MWANZISHA UZI

Mama, shikamoo. Nakusihi usifuate sehemu ya pili ya ushauri huo. Tableti mnunulie ukiweza. Nukta nundu asiziache.

Nakueleza kwa nini, na naomba wanajamvi wanivumilie kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo watu hudhani kwamba mtoto anayesikia maneno atajua kuyaandika. Herufi atazipata. Asichoweza kukisikia ni mahali neno linapoanzia na linapoishia. Sauti haimwambii kwamba "kwa sababu" ni maneno mawili, kwamba "ninakuja" ni neno moja, kwamba "na" katika "baba na mama" inasimama peke yake huku ile ya "anakula" ikishikamana. Nimesahihisha insha za vijana waliosoma kwa sauti tupu tangu darasa la kwanza, vijana wenye akili nzuri, wakiandika "hakuwa nakitu" na "kwaajili yamtoto". Hawajawahi kuligusa neno la Kiswahili. Nukta nundu ndiyo njia ya asiyeona ya kuligusa neno na kuona kwa kidole nafasi iliyo kati ya neno na neno.

Mfumo wenyewe ni wa Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, ambaye aliubuni akiwa na umri wa miaka 15, mwaka 1824. Nukta 6 katika kisanduku kimoja hutoa michanganyiko 63, nayo inatosha herufi zote, alama, tarakimu na hata muziki. Mashine anayopokezana mwanao bila shaka ni Perkins, ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951: vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na kirefu cha nafasi katikati, na kengele inayolia mstari unapokaribia kwisha. Ina uzito wa karibu kilo 5 na inadumu vizazi. Ila inapoharibika, inaharibika kwa namna ambayo mwalimu asiyezijua nukta nundu hawezi kuing'amua. Nikiwa darasa la sita, kitufe cha nukta ya tatu cha mashine yetu kiligoma. Herufi l ina nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ikikosa ya tatu inabaki b. Niliandika "lala", karatasi ikatoa "baba". Niliandika k, ikatoka a. Insha nzima ikawa maneno yasiyo na maana, na aliyesahihisha akaamini kwamba sijui kuandika. Mwanao akikuambia kwamba anapata alama mbaya ghafla, kabla ya kumgombeza, mwombe fundi aiangalie mashine.

Hakuna haja ya kuchagua kati ya sauti na nukta, kwa sababu vipo vifaa vya nukta vinavyofanya kazi pamoja na simu au kompyuta inayosoma kwa sauti. Orbit Reader 20, kwa mfano, ni kifaa kidogo chenye visanduku 20 vya nukta zinazopanda na kushuka kadiri unavyosoma. Kitabu kinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, na kifaa kinaweza kuunganishwa na simu au kompyuta. Huko Kenya, Kilimanjaro Blind Trust Africa wamekuwa wakikifikisha kwa wanafunzi mashuleni. Bado ni ghali kwa mzazi mmoja, kwa hiyo sikuambii ukauze shamba. Nakuambia ujue kwamba kipo, na uiulize shule.

Tena, jifunze nukta nundu wewe mwenyewe kwa macho. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu, na kumi zinazofuata ni zilezile zikiongezwa nukta ya tatu. Ukijipa nusu saa kila siku, likizo ijayo utaweza kusoma barua ya mwanao.

MCHANGIAJI (ndugu wa mwanafunzi kiziwi)

Mmezungumzia wasioona peke yao. Mdogo wangu ni kiziwi na yuko chuo. Tumeambiwa kuna programu ya simu inayogeuza maneno ya mhadhiri kuwa maandishi. Inafaa?

MWANZISHA UZI

Kaka, unachosema ni kweli, na kwenye Android ipo Live Transcribe ambayo Kiswahili imo. Uwanja huu ninaujua kidogo kuliko ule wangu, kwa hiyo nitasema niliyoyashuhudia kwa mwenzangu tuliyesoma naye. Simu ikiwa kwenye meza ya mhadhiri, karibu na mdomo wake, maandishi yalikuwa ya kuridhisha. Ikiwa nyuma ya ukumbi wenye watu wengi na feni, haikufaa. Mhadhiri anapochanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, kama wengi wanavyofanya, programu inapotea njia. Zaidi ya hayo, kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania hasomi Kiswahili kama lugha yake mwenyewe; anakisoma kama lugha ya pili. Maandishi yanamsaidia kurejea somo, lakini hayachukui nafasi ya mkalimani. Chuo kikimpa mdogo wako programu badala ya mkalimani, kidai mkalimani.

MCHANGIAJI (mwalimu wa sekondari)

Nimerudi. Jioni hii nimefanya kile kipimo cha kuchagua neno kwenye mafaili yangu ya Historia ya kidato cha tatu. Kati ya mafaili 11, manne ni picha tupu, na mawili kati ya hayo nimekuwa nikiyatuma tangu mwaka juzi. Nitayachapa upya. Mwenzangu wa Hisabati anauliza: yeye afanyeje na fomula, na michoro ya jometri?

MWANZISHA UZI

Mwalimu, umenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwambie mwenzako asibandike fomula kama picha, bali aiandike kwa zana ya milinganyo iliyomo ndani ya Word. Word za miaka ya karibuni zikiwa na NVDA na nyongeza yake ya MathCAT, ambayo nayo ni bure, mwanafunzi anasomewa fomula kwa vipande: kiasi, asili, kipeo. Matamshi yake ni ya Kiingereza, na kwa sekondari hilo linavumilika kwa kuwa Hisabati inafundishwa kwa Kiingereza. Ampe pia muda, kama mitihani ya taifa inavyofanya: Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwenye majaribio ya darasani wengi wetu hatukupewa hata dakika moja.

Michoro haina programu ya kuitegemea. Mwalimu wangu wa kidato cha pili alichukua boksi la katoni, akachora pembetatu kwa penseli, akapitisha gundi juu ya mistari na kulaza uzi wa kushonea viatu, kisha akaweka punje ya mtama kwenye kila pembe na kubandika kando yake herufi ya nukta nundu. Gundi ilihitaji usiku mzima kukauka, kwa hiyo alikuwa akiandaa michoro ya Jumatatu siku ya Jumamosi. Uzi uwe mmoja, usiwe wa nyuzi nyingi zilizolegea, maana kidole kinapotea. Mistari miwili isikaribiane kuliko upana wa kidole kidogo. Na kabla hajampa mwanafunzi, afumbe macho aufuate mchoro mwenyewe mpaka arudi pale alipoanzia.